Mtamba Wangu Analala kwa Watu

Wasichana wa darasa letu wanataka simu, nywele na safari ya Arusha. Mimi nilitaka ng'ombe. Mwalimu alipotuambia tuandike lengo moja kubwa la maisha, niliandika mstari mmoja: mtamba wangu mwenyewe, amefungwa mbele ya nyumba yetu, barabara nzima inamwona. Mwalimu aliusoma kwa sauti. Darasa likacheka mpaka madawati yakalia. Akaniuliza kama nimekuja kusoma au kuolewa na zizi. Nikamjibu kwamba zizi angalau halitoi jaribio kila Ijumaa. Kwa jibu hilo niliokota takataka uwanja mzima peke yangu.

Bibi yangu, ninayeishi naye hapa Bashay, hakucheka. Alinikatia matuta kadhaa karibu na mfereji akaniambia, "Haya, panda." Nikapanda vitunguu saumu, misimu mitatu. Nilipalilia, nikamwagilia, nikavifunga mafungu, na nilinuka mpaka kanisani watu wakawa wananiachia nusu benchi. Nilikaa kwa nafasi kama mgeni rasmi.

Msimu wa tatu nikiwa fomu tuu, mjomba alinipeleka mnadani. Muuzaji alinitazama sketi ya shule, akamtazama mjomba. "Huyu binti ndiye mnunuzi?"

"Ndiye," mjomba akasema. "Mimi nimekuja kushika mkia."

Tukatoka na mtamba mweusi mwenye doa jeupe ubavuni, kama ramani ya Afrika iliyochorwa na mtu mwenye haraka. Nilimswaga mwenyewe njia nzima. Kila mzee niliyekutana naye alipata shikamoo yangu, na asiyeuliza habari za ng'ombe nilimwamkia mara ya pili mpaka akauliza.

Asubuhi yake niliamka kabla ya Bibi nikaenda kusimama zizini. Mtamba alikuwa anacheua. Alinitazama kama unavyomtazama ndugu aliyekuja kuomba chumvi. Nikasubiri furaha ije. Ilikuwepo jana, barabarani, nilikuwa nayo kabisa, lakini inaonekana ilikata kona mahali fulani na haikufika nyumbani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka kwa misimu mitatu, na sikujua niende wapi na mikono yangu.

Bibi akaja na ndoo. "Amelala usiku mmoja, inatosha," akasema. "Keshokutwa anahama."

Nilidhani ananitania. Sisi tunataniana sana. Lakini Bibi alikuwa anasema desturi. Huku kwetu mtu akipata ng'ombe humpeleka kwa jirani asiye na ng'ombe, akae huko. Jirani anakamua maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe anabaki wako, na ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia zizi moja haukumalizi, na wewe unapata nyumba nyingine ya kuingia bila kupiga hodi. Nilikuwa nayajua hayo. Nilijua kwamba zizi letu lina ng'ombe wawili lakini Bibi ana wengine wamelala kwa watu. Sikuwahi kufikiri desturi hiyo ingenihusu mimi.

"Bibi, nimempata kwa mikono yangu!"

"Ndiyo. Na nani amekukataza kumwita wako?"

"Wangu, halafu akalale kwa watu?"

"Kwani wewe ulitaka ng'ombe, au ulitaka kuonekana una ng'ombe?"

Mimi huwa nina jibu. Hata msibani huwa nina jibu, ndiyo maana watu hunikalisha mbali na jamaa wa marehemu. Siku hiyo nilimpokea Bibi ndoo nikaenda kukamua.

Mtamba akaenda kwa mama mmoja ng'ambo ya korongo, mwenye watoto wawili. Mume wake alienda machimboni, akaisahau njia ya kurudi. Bibi alinieleza sharti: nikimtaka ng'ombe wangu, nitaenda mwenyewe na kuomba kwa mdomo wangu. Situmi mtu, situmi meseji.

Nilinuna mwaka mzima. Sikwenda hata kumwona. Nilipanda fomu thrii, na siku moja nikasikia kwamba mtamba ana mimba kubwa. Hapo nikafufuka. Nikawatangazia wasichana shuleni kwamba ng'ombe wangu anarudi na atazalia nyumbani, waje kushuhudia, na anayekuja mikono mitupu asije. Jumamosi asubuhi nikachukua kamba. Bibi aliiona. Akasema tu, "Wasalimie."

Ukungu ulikuwa mzito, naona miguu yangu tu. Nilishuka korongo nikifanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa na hotuba tatu: ya heshima, ya huzuni, na moja yenye kukohoa kidogo katikati.

Sijafika hata uani, mtoto wao mdogo, kama wa miaka mitano, akatoka mbio kwenye ukungu. "Dada! Dada! Fomu Tuu anazaa!"

Nikashtuka. Shuleni kwetu maneno hayo yangeitisha kikao cha wazazi. Nikaanza kupitisha kichwani sura za wasichana, nani huyo, mbona hakuniambia.

"Shikamoo mama," nikasema nilipomwona mwenye nyumba, kachuchumaa kando ya zizi, mikono imelowa.

"Marahaba mwanangu. Umejuaje? Njoo, njoo polepole. Fomu Tuu ni huyu hapa. Watoto walisikia ni ng'ombe wa yule dada wa fomu tuu, basi, wakambatiza."

"Lakini mimi sasa niko fomu thrii."

Mtoto akanitazama kwa huruma. "Yeye alifeli?"

Mtamba wangu alikuwa amelala kwenye majani makavu. Sikumtambua. Alikuwa mpana, manyoya yanang'aa, shingoni kuna kipande cha kitenge kimefungwa kama tai. Chini ya mkia zilikuwa zimetokeza kwato mbili, nyeupe na laini kama sabuni iliyokaa majini. Binti mkubwa wa pale, wa darasa la tatu hivi, alikuwa ameshika pembe kwa mkono mmoja, anamkuna shavu kwa mwingine, anamsemesha Kiiraqw kwa sauti ya chini kabisa.

"Hatuzivuti?" nikauliza.

"Tunangoja," mama akasema. "Mwenye kazi ni yeye."

Tukangoja. Ikatoka pua, juu ya zile kwato, na ulimi umening'inia pembeni. Kisha ng'ombe akaguna kwa sauti ambayo niliisikia kwenye nyayo zangu, na ndama mzima akateleza chini kwenye majani, amelowa, mvuke unamtoka katika ile baridi kama chungu kilichoepuliwa. Hakusogea. Mama akamfuta pua kwa majani, akamtekenya puani kwa unyasi. Bado. Nilijikuta na mimi nimeacha kupumua, kana kwamba hewa ilikuwa moja na tulitakiwa kumwachia.

Ndama akapiga chafya.

Sijui kusema vizuri kilichonipata. Nilihisi kama kifuani mwangu kumeongezwa chumba. Kulikuwa na watu wanne pale asubuhi, tukawa na wa tano ambaye hakutoka barabarani, hakubisha hodi, na alikuwa tayari na kope. Nilizitazama zile kope. Nani alikaa chini akazipanga?

Hapo ndipo mama alipogeuka akaona kamba mkononi mwangu. Nilikuwa nimeisahau. Uso wake haukubadilika sana. Uso wa yule binti ndio ulibadilika. Alisogea akaweka mkono wote juu ya shingo ya ng'ombe. Juu ya boriti ya zizi niliona vikombe vitatu vya plastiki vimepangwa mstari, vimeoshwa, vinangoja dang'a, maziwa yale mazito ya kwanza.

"Umekuja kumchukua," mama akasema. "Sawa. Ni wako. Mwache ndama akauke tu, nitakusindikiza mpaka korongoni."

Hotuba zangu zote tatu zilikuwepo. Nilihitaji kuchagua moja tu.

"Kumchukua nani?" nikasema. "Mama, hii nimekuletea kamba ya kuanikia nguo."

Akaitazama. Kamba ilikuwa nene kama dole gumba, na inanuka ng'ombe. "Nguo za nani? Za tembo?"

"Si ndiyo nimeleta ngumu, mama. Ukifua mablanketi je?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Binti hakucheka, ila mkono ulilegea.

Nilikaa pale mpaka jua likawa kali. Ndama alijaribu kusimama, kila mguu una wazo lake, akaanguka, akajaribu tena. Hakuna aliyemsaidia. Aliposimama, akatafuta chuchu sehemu zote zisizo na chuchu, gotini, kifuani kwa mama yake, hadi kwenye sketi yangu. Alipoipata hatimaye, mkia ukaanza kucheza, nasi tukapiga makofi kama tumefunga goli. Alipotosheka ndipo mama akakamua kidogo, akapasha dang'a kwenye sufuria mpaka ikaganda kama mayai. Niliongezewa kikombe cha nne. Yule mdogo alikula amekaa mapajani mwangu, na hakuniomba ruhusa.

Njiani nilisimama mara mbili bila sababu. Ukungu ulikuwa umeondoka na milima yote iko mahali pake, nami nikaishangaa kama mtu aliyehamia jana.

Bibi alikuwa uani anapepeta maharage. "Amezaa?"

"Amezaa, Bibi!" Nikamweleza yote: kwato, chafya, kope, mkia, jinsi ndama alivyoninyonya sketi. Wasichana wa shule sikuwakumbuka hata kidogo. Bibi alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Dume au jike?"

Nikafungua mdomo. Ungo ukatulia mikononi mwake. Nilikuwa nimemtazama ndama yule nusu siku nzima, na sikuwa nimeangalia.