Nilingoja Juu, Akaningoja Chini

Siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, kitindamimba wangu anayeendesha basi Dar es Salaam, na dada mmoja mlinzi, ambaye si ndugu yetu. Majina yao matatu matatu ninayo kichwani, ila hawakunituma niyaandike.

Nilitoka Meru kwa basi hadi Dodoma, nikapanda treni ya umeme. Stesheni ya Dar iko juu, mabasi yako chini. Kwetu Arusha mgeni hupokelewa mlangoni mwa gari. Ukiondoka hapo, mwenyeji huona umemdharau. Basi nikakaa na ndizi zangu palepale niliposhukia. Simu ilikuwa imezima. Watu wakaisha wote, nikabaki peke yangu.

Nikasogea kwenye kioo. Mwanangu huyo hapo chini, kando ya basi lake, anatazama mlango wa kutokea. Miaka minne sijamwona. Kichwa kimeanza upara. Nikagonga kioo, nikamwita. Akatazama saa, akapanda, akaondoa basi.

"Shikamoo bibi. Unamngoja nani?" akaniuliza yule dada mlinzi.

"Marahaba. Mwanangu, anakuja kunipokea."

"Huku juu hawaruhusiwi, bibi. Mnakutana chini."

"Sasa si mngesema!"

"Tumetangaza mara tatu."

Akanishika mkono, akanishusha, nikakaa kituoni hadi basi lile liliporudi.

"Mama! Nilijua hukuja," akasema. Hapo ndipo nikalia.

Yeye husema nilikaa saa moja. Mimi naona ilikuwa mchana kutwa. Kama ulikuwepo ukaniona, nisahihishe.