Kasuku Nyumbani kwa Mkwe

Ukifika Mukuyuni na gunia lako la mahindi, usiulize kinu cha kusagia kiko wapi. Fuata kelele. Ndani utamkuta Kavata, mweupe kwa unga kuanzia kope hadi viatu, na usijisumbue kumsalimia kabla hajazima mashine, maana hasikii kitu. Labda mwito wa chai.

Zamani, kila saa nne, mumewe Mulinge alichemsha chai nyuma ya kinu, akagonga kikombe cha bati kwa kijiko, halafu akapaza sauti: "Kavata! Zima mashine! Chai tayari!" Wanaume wa soko walimcheka mpaka wakachoka. Mwanamume mzima kumpikia mke chai! Mulinge hakujali. Alipofariki, sauti ile haikuzikwa naye. Alikuwa amemwachia kasuku wake wa kijivu, aliyemleta kutoka Mombasa akiwa kinda na kumpa jina Diwani kwa sababu ya domo lake. Saa nne ikifika, Diwani aliita vilevile, kwa sauti ya Mulinge mwenyewe, hata kile kikohozi chake cha mwishoni hakukiacha. Kavata alizima mashine, akanywa chai, maisha yakaenda.

Basi siku moja mkanda wa mashine ukakatika kwa kishindo. Diwani akashtuka, na mlango wa kizimba haukuwa umefungwa vizuri. Huyoo! Akapotelea juu ya migunga.

Kavata alifunga kinu. Watu walikuja na mahindi yao wakarudi nayo, wakinung'unika kwamba ni ndege tu, si mtoto. Waache wanung'unike. Alizunguka mashamba akitikisa mahindi ndani ya kopo, akiita mpaka sauti ikakwama. Kanisani aliomba aombewe, na hakuona haya kulia mbele ya watu. Picha za Mulinge alikuwa nazo tele. Sauti yake ilikuwa moja tu, na hiyo ndiyo iliyoruka.

Jumamosi simu ikalia. Alikuwa Yvonne, binti yake, anayefanya kazi mjini Sultan Hamud na kurudi kwa mumewe wikendi.

"Mwaitu, mama yangu, Diwani yuko kwangu! Yuko chumba cha kulala, juu ya mbao za paa!"

"Wuui! Tangu lini?"

Yvonne akacheka hadi akashindwa kusema. Ndege alikuwa ameingia kwa Musyimi, mumewe, siku ileile ya kutoroka. Sasa fikiria masaibu ya huyo kijana: amejilalia zake kitandani, sauti ya marehemu baba mkwe inaunguruma juu ya kichwa chake, tena inamtaja mama mkwe kwa jina! Na nthoni, ile heshima ya Wakamba baina ya mtu na mama wa mkewe, haichezewi. Jina lake hulitamki, njiani unampisha, mbele yake huli. Musyimi alibeba blanketi akahamia jikoni. Angempigia mama mkwe simu aseme nini? Alimwandikia mkewe tu: "Kuna mgeni wa heshima nyumbani, njoo." Yvonne akadhani ni pasta.

Kavata alivuka bonde mbio, leso ikimdondoka. Alipofika langoni akasimama.

"Ingia basi, Mwaitu," Yvonne akamsihi. "Hataki kushuka kwa mtu. Na sisi si tumeokoka?"

"Nimeokoka, lakini sijapotoka. Niingie chumba cha mkwe wangu?"

Papo hapo ikatoka ndani: "Kavata! Zima mashine!" Akakaa juu ya jiwe, akalia. Sauti yenyewe ile pale, naye hawezi kuifikia. Na ndege akitoka dirishani, nje kuna mwewe.

"Mwambie mumeo apike chai," akasema hatimaye. "Agonge kikombe. Aite kama baba yako alivyokuwa akiita."

Musyimi, aliyekuwa amejificha nyuma ya ghala, alisikia kila neno. Akapika chai kwa mikono yake. Akaingia, akagonga kikombe. Lakini jina angelitajaje? Kisha ikasikika sauti changa, yenye haya: "Mwaitu! Zima mashine! Chai tayari!"

Diwani hakushuka. Musyimi akaita tena, akaita mpaka koo likamkauka, chai ikapoa ikapashwa moto, hadi ndege akashuka polepole na kutua begani mwake.

Yvonne alimchukua Diwani, na chai ikamiminwa. Kavata alinywa akiwa ameelekeza uso bondeni, mkwe akanywa akiwa ameelekeza wake ukutani, migongo ikitazamana. Tangu msiba, Kavata hakuwa amepikiwa chai na mtu.

"Mwambie mumeo," akasema kwa sauti ya kumfikia, "anapika kama marehemu."

"Mwambie mama asante," Musyimi akauambia ukuta.

Jumatatu, kwa mkanda mpya, kinu kikanguruma. Saa nne ilipofika, Diwani akagonga mdomo kwenye bati. "Kavata! Zima mashine! Chai tayari!" Kavata akazima, akashusha pumzi. Alikuwa akiinua birika ilipofuata sauti nyingine kutoka kizimba kilekile, changa, yenye haya.

"Mwaitu! Zima mashine! Chai tayari!"

Waliokuwa kwenye foleni walimwona akicheka na kulia kwa pamoja, unga ukilowa mashavuni mwake.

"Nimesikia," akajibu. "Nimewasikia nyote wawili."