Seva Iliyojizima Yenyewe

Umeme ulipokatika saa nane mchana, mafundi cherehani wote walisonya, isipokuwa mmoja aliyeruka kutoka kitini akipiga vigelegele. Wiki tatu nzima alikuwa akiisubiri siku hii. Nyumbani kwake, chini ya ngazi, kulikuwa na seva ndogo, kompyuta iliyotunza picha za ukoo mzima, na betri ya akiba aliyoiunganisha kwa mikono yake mwenyewe. Sasa simu ilimwonyesha kila kitu: betri asilimia tisini na tisa, zimebaki dakika arobaini.

Mumewe akapiga. "Mke wangu, umeme umekwenda! Nizime mtambo wako?"

"Ole wako uuguse!"

Wenzake wakamzunguka, mikasi mikononi, wakihesabu kwa sauti kadiri namba zilivyoshuka. Kwenye asilimia ishirini seva ilitakiwa ijizime yenyewe, ili picha zisiharibike betri ikiisha. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Ishirini. Ujumbe wa seva ukaingia: "Najizima salama."

Karakana nzima ikalipuka kwa shangwe. Mama Mkasi, bosi wao, alimnyanyua juu juu na kumzungusha.

"Haya, kwani imekuwaje?" akauliza akimshusha.

"Imelala yenyewe, bosi! Yenyewe!" akajibu, akicheka hadi mbavu zikamuuma.