Ng'ombe Wako Wapi?

Kosa lilikuwa langu, tena la kijinga. Nilikuwa nimepata barua ya kwenda chuo cha polisi, na baba akatoka malishoni akaja Kakuma na mbuzi wa kunibariki. Kwetu mtoto haondoki hivi hivi. Hupakwa kifuani majani mabichi ya tumboni mwa mbuzi, na mzazi husema maneno yake. Bila hayo nisingepanda gari.

Lakini mzee alisitasita. Askari kwake ni mtu anayefika baada ya mifugo kuibiwa, akiwa na kalamu. Nikasema ngoja nimwonyeshe ushujaa. Wakati huo nilikuwa nikitafsiri filamu kwa kipaza sauti katika ukumbi wa video wa bwana mmoja kutoka Sudan Kusini. Mchana ule nikaweka ile niliyoipenda tangu nikiwa shuleni Lodwar: askari wachache wa Kizungu, makoti mekundu, wamezingirwa na maelfu ya wapiganaji Waafrika wenye mikuki. Wale wachache nimewashangilia mara ngapi!

Mzee alitazama akiwa juu ya kigoda chake, kisha akauliza, ukumbi mzima ukasikia:

"Ng'ombe iko wapi?"

"Hakuna ng'ombe, Baba."

"Watu wanakufa hivi, na ng'ombe hakuna?" Akawanyooshea fimbo askari. "Hawa ndio wezi. Wameficha ng'ombe ndani ya boma. Hawa wa mikuki ndio wenyewe, wamefuata nyayo."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Lakini kweli, wale askari walifuata nini pale? Miaka yote sikuwahi kujiuliza. Nikaendelea kutafsiri, nikajikuta nawaita wenye mikuki "sisi", punde wenye makoti nao "sisi". Maji yalikuwa yamezidi unga. Mwenye ukumbi akanitolea macho.

Filamu ilipoisha nilijua baraka imeniponyoka, na niliogopa. Lakini mzee alitoka nje, akachinja mbuzi wake, akanipaka kifua kizima taratibu, akaniombea njia salama na maji. Machozi yakanilengalenga.

Kisha akafuta mikono mchangani.

"Nimebariki wewe," akasema. "Hiyo nguo watakupa, sijabariki."

Mwaka wa nne huu naivaa. Kila asubuhi, nikifunga vifungo vya kifuani, sijui kama baraka ya baba naihifadhi au naifunika.