Mwenyekiti yuko sebuleni, mimi nimejificha jikoni

Jamani nisaidieni, mwenyekiti wa kitongoji yuko sebuleni kwangu na sijui nimwambie nini.

Neema wangu anasoma siasa chuo. Mwalimu wao wa utafiti kawatuma kila mmoja kwao, waulize watu wanauonaje uongozi wa kitongoji chao.

Mimi nikaona mtoto hawezi kuingia nyumba za watu hivi hivi. Nikamwomba mwenyekiti amzungushe. Si ndiyo adabu?

Akamzungusha kweli. Kila nyumba alikaa naye mpaka maswali yakaisha.

Leo asubuhi mwalimu kapiga simu, keshasoma majibu aliyotumiwa.

“Neema, watu wako wote wanasifu tu. Hata kuhusu barabara hakuna anayelalamika? Ulikwenda na nani?”

“Na mwenyekiti, mwalimu.”

Mimi nasikia yote, simu iko kwenye spika.

“Rudia yote. Peke yako. La sivyo kazi hii siipokei.”

Mtoto analia mpaka sasa. “Mama, kwa nini hukuniacha tu?” Na keshokutwa anarudi chuo.

Nikajifunga kanga niende kumwambia mwenyekiti taratibu, safari hii abaki nyumbani. Kufungua mlango, huyu hapa, kavaa koti la mvua, anacheka.

“Mama Neema, nimesikia kazi ya mtoto wetu inarudiwa. Shamba nimeliacha. Tunaanzia kwa nani?”

Mimi nikasema, “Karibu chai.”

Sijui hata kwa nini nimesema hivyo!

Sasa ameomba kikombe cha pili, na Neema kanifuata huku jikoni, ananiangalia mimi. Namwambiaje huyu mzee bila kumvunjia heshima?