Kikapu cha Viatu

Mpeleka wageni kisiwani hahesabu watu. Kwao Kunduchi alilelewa akiambiwa kwamba ukimhesabu mtu kwa kidole unamwitia balaa, kwa hiyo yeye anahesabu viatu. Asubuhi kila anayepanda boti yake kwenda Mbudya huvua, naye hupanga jozi kikapuni kwa vidole vinene vyenye makovu ya mshipi wa kuvulia, huku akieleza kwa sauti ileile ya taratibu wapi pa kuogelea, wapi pa kula samaki changu wa kuchoma, na nyuma ya miamba ipi samaki wadogo wa rangi huja mpaka miguuni. Alasiri humrudishia kila mtu vyake, hukigeuza kikapu kitupu na kukipiga kofi moja kitakoni, ndipo awashe mashine.

Jumamosi hiyo wanakwaya kutoka Lugoba walikuwa wameshakaa, maji yanajaa, na kikapuni zimebaki yeboyebo nyeusi. "Tumetimia, kaka, twende," alisema mwalimu wao. Mpeleka wageni alizichukua yeboyebo. Alishuka nazo mkononi, akaipita miavuli bila kukimbia, maana yeye akikimbia wageni hutaharuki, ila midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Nyuma ya miamba alimkuta mama mmoja mtu mzima, maji magotini, kanga ameikunja, ameinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo polepole, utawafukuza."

Akasogea polepole, wakatazama pamoja. Waliporudi botini alimpa mama yeboyebo zake, akakigeuza kikapu kitupu, akakipiga kofi moja, kisha la pili, kisha la tatu, midomo yake sasa ikishukuru.