Video Inaishia Kabla Mtu Hajaamka

Wapendwa, mlioniita hapa mmeniomba nisimulie bila hasira. Nitajaribu, ila siahidi.

Kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa mdomo. Nauza maharage sokoni Kasulu. Nayafuata Kibondo siku za mnada, nabishana bei mpaka mwenye mzigo anachoka, halafu narudi kubishana na wateja. Mume wangu, Baba Bukuru, husema namjibu mtu kabla hajamaliza kuuliza. Ni kweli, na mdomo huo ndio uliosomesha watoto wake.

Ugonjwa ulianza na jino la nyuma, chini, upande wa kulia. Liliuma, likaacha, likauma tena. Kila mtu sokoni alikuwa na dawa. Mmoja aliniwekea ugoro, mwingine pamba yenye mafuta ya taa, na wa tatu akasema nimelogwa na huyo wa pamba. Nikaling'oa. Maumivu yalipungua, lakini uvimbe haukuondoka. Mfupa wenyewe ulizidi kunenepa polepole, mgumu, hata ukiubonyeza hauumi. Meno ya jirani yakalegea. Kila asubuhi nilitema usaha, na harufu yake ilinifanya nihamie chumba cha watoto. Ugali nikauacha, kisha viazi, nikabaki na uji. Nguo zikawa zinanivuka.

Hospitali walinipiga picha na kukata kinyama cha kupima. Daktari wa meno akaniambia, "Mama, si saratani. Lakini ni uvimbe unaokula mfupa wa taya. Tukiuacha, siku moja utapiga mwayo na taya litavunjika." Akasema madaktari bingwa watakuja kwa wiki moja tu, nikubali waniandike. Nikakubali.

Sasa niwaambie kuhusu shemeji yangu Ezekieli, mdogo wake Baba Bukuru. Ana kibanda cha kuchaji simu, na hakuna jambo duniani ambalo hajaliona kwenye simu. Nimebakiza siku chache kulazwa, huyo akaja na tabasamu.

"Shemeji, nimekutafutia operesheni yenyewe ya taya. Uione, ujiandae."

Ujiandae! Kana kwamba mimi ndiye nitakayeshika kisu. Lakini tayari watoto walikuwa wamejaa, mama mkwe kasogeza kigoda, na mimi sikutaka kuonekana mwoga. Tukaangalia. Wakakata ngozi chini ya taya, wakaikunjua juu kuelekea shavuni. Mfupa ukabaki wazi, mweupe, damu inapita juu yake. Mkono mmoja ukashika msumeno mdogo wa umeme, mwingine unanyonya damu kwa mpira. Unga wa mfupa ukaruka. Mama mkwe akauliza kama huyo ni mtu au ni mbuzi. Baba Bukuru alitoka nje, tukamsikia anatapika kwenye migomba.

Nilikasirika sana. Si kwamba sikujua nitakatwa. Nilijua, na nilikuwa nimeshatulia. Sasa kila nikifumba macho nasikia ule msumeno. Nilikwenda hospitali kwa sababu moja tu: njaa iliniogopesha zaidi.

Siku yenyewe nilipewa nusu kaputi. Nilikuwa namwambia daktari asije akasahau mkasi ndani, na sikufika mwisho wa sentensi. Nilipoamka nilikuwa wodini. Uso umejaa mpaka jicho moja halifunguki, mdomo wa chini una ganzi, mpira wa kutolea damu unaning'inia shingoni, mate yanachuruzika bila ruhusa yangu. Nikataka kuuliza saa ngapi. Mdomo haukufunguka.

"Usihangaike, mama," nesi akaniambia. "Kipande kibovu kimetoka, umewekewa chuma. Tumefunga meno ya juu na ya chini kwa waya mpaka taya litulie. Vuta pumzi kwa pua."

Kichwani pa kitanda walining'iniza koleo, ili nikitapika waukate waya haraka nisipaliwe. Nililitazama koleo lile kwa mapenzi makubwa, maana wageni walikuwa wameanza kuja.

Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja. Walikuja wa sokoni, wa kanisani, wa ukoo. Walisimama kitandani wakasema pole, kisha wakazungumza juu yangu kama sipo. Na Ezekieli alikuwepo kila saa ya kuona wagonjwa, simu mkononi, sauti imefunguliwa yote.

"Hapo sasa," anawaonyesha, "hapo ndipo walipomkata shemeji."

Mimi ndiye mwenye taya, nimelala chini ya mkono wake, nasikia msumeno ule ule, na sina namna ya kumfukuza. Niligonga chuma cha kitanda kwa kijiko. Akadhani nataka maji.

Kitanda cha pili alilazwa Jenista, binti kutoka Makere mwenye mtoto mdogo aliyemwacha kwa mama yake. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, ulishaanza kuusukuma ulimi. Alilala ameketi, la sivyo alikosa hewa. Alikuwa amepangiwa Ijumaa, siku ya mwisho ya wale mabingwa. Ezekieli alipofika kwenye msumeno, Jenista akaomba naye aone. Na yule bwana akampa simu!

Binti aliangalia mpaka mwisho. Akarudisha simu, akaanza kukunja kanga zake na kuzitia kwenye beseni.

"Mawe! Mama yangu we, mimi siendi huko," akasema. "Naenda kwa mwanangu."

Nesi alimbembeleza. Daktari akaja. "Jenista, tukiondoka hatujui tutarudi lini. Ulimi ukizidi kusukumwa hutaweza kumeza, wala kupumua." Jenista akaitikia kwa Kiha, "ego, daktari," ndiyo ya heshima zote, akaendelea kukunja kanga.

Maneno yote ninayoyajua yalikuwa yamejaa nyuma ya waya. Nikashuka kitandani, mpira wa damu mkononi, nikampokonya Ezekieli simu. Nikakaa kando ya Jenista nikaiwasha ile video, nione ni wapi hasa panapomtisha. Alitaka kugeuka, nikamshika kiwiko. Ikaenda hadi nyuzi za mwisho zikashonwa. Kioo kikawa cheusi.

"Huyu aliamka?" Jenista akauliza.

"Sijui," Ezekieli akasema. "Inaishia hapo."

"Basi hakuamka."

Ndipo nikaelewa alichokuwa anakiogopa. Hakuogopa msumeno. Alikuwa ameona mtu aliyefunikwa kitambaa cha kijani, anakatwa, halafu giza. Nikajipiga kifua. Nikanyosha kidole kwenye simu, nikajipiga kifua tena. Nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye shavu langu, hapo penye uvimbe na joto. Kisha nikasema kupitia kwenye meno, mate yakitiririka mpaka kwenye gauni, "Niliamka."

Ilitoka vibaya, lakini alinisikia.

"Iliuma?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikutaka kumdanganya.

"Kuliko sasa hivi?"

Nikakataa.

"Na utaongea tena?"

Hilo sikulijua. Ezekieli ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na maana: "Huyu? Ataongea, na mimi ndiye nitakayekoma." Jenista akacheka huku ameshika taya lake. Akalirudisha beseni chini ya kitanda.

Ijumaa walimpeleka. Waliporudi naye nilikaa pale pale, nimemshika kidole, nikimwomba Mungu kimoyomoyo kwa sababu kwa sauti sikuweza. Alipofumbua jicho alikutana na uso wangu uliovimba. Nafikiri alishtuka, lakini aliminya kidole changu.

Nawashukuru madaktari na manesi, na binti yangu aliyenichujia uji mpaka waya zilipotolewa. Namshukuru Mungu. Na ninyi mnaokwenda kuona wagonjwa, nawaomba: chukueni uji, simu zibaki mfukoni. Mwenye hofu amuulize daktari, amuulize na aliyekwisha kupasuliwa. Tupo, na tunaongea. Ezekieli anawathibitishieni.

Majuzi Jenista alinipigia kutoka Makere. Nikasema haloo, hakujibu. Nikasikia kitu kinavunjika, kra, kra, taratibu. Mimi nachukia mtu kunitafunia sikioni, nilikuwa tayari nimevuta pumzi nimkaripie.

"Mama," akasema, "ni karanga."

Nikanyamaza, nikamsikiliza mpaka akazimaliza.